Chama kilitulazimisha tujinunulie kitu chetu wenyewe, tukashindwa. Kwa nini?

MamaMapacha_Lanet:
Hamjambo wanajukwaa. Chama chetu cha kuchangiana pesa kwa zamu huku Lanet, Nakuru, tuko wanawake kumi na wawili na wote tuna kazi: walimu, karani, wawili wana vibanda sokoni, mmoja saluni, wengine madukani. Mwaka huu tulipitisha sheria mpya. Anayepokea mzunguko atoe shilingi elfu moja ajinunulie kitu chake mwenyewe, kisha alete risiti kwenye kikao kinachofuata. Tulipiga makofi tukadhani tumejipenda.

Risiti ya kwanza: sufuria. Ya pili: sweta ya shule, saizi ya mtoto wa gredi ya tatu. Wa tatu alisema risiti imepotea, jirani yake akaangua kicheko maana alimwona akilipa deni la maziwa. Mwalimu mmoja kati yetu husahihisha madaftari ameyashika mkono mzima mbele ya uso. Miwani hana, na ukimuuliza ni "mwezi ujao".

Hoja yangu, na mnipige mawe pole pole: hapa si umaskini. Elfu ilikuwa mkononi na sheria ilimlazimisha. Basi ni nini?

Kaptembwo_Kijana:
Sufuria ni ya mama. Nani mwingine hupika hapo? Mpeni alama zake.

BintiWaMumias:
@Kaptembwo_Kijana kwa hesabu hiyo, fundi akinunua nyundo ameenda likizo.

Kaptembwo_Kijana:
Nyundo nzuri inafurahisha, usibishe.

Jakisumo_Kondele:
Mleta mada, umeufukuza umaskini haraka mno. Mama mdogo wangu anauza omena, wale samaki wadogo, pale soko la Kibuye. Elfu ikiingia kwenye simu yake, Fuliza, ule mkopo wa simu, imeshachukua yake kabla hajasoma ujumbe. Inayobaki ina wenyewe: mwenye nyumba, shule, mwenye gunia la omena. Pesa kuwa mkononi haina maana ni yako. Hizi habari za kujipenda ni za wenye mshahara.

MamaMapacha_Lanet:
@Jakisumo_Kondele wa sufuria ni mwenye mshahara. Tena analipwa vizuri kuniliko.

NesiWaZamu:
Niko Kisumu, kituo sitakitaja. Nitawaeleza ninachokiona kila siku.

Mama anakuja na mtoto. Kile kitabu cha afya ya mama na mtoto kimefungwa kwa nailoni, hakina hata doa, chanjo zote zimejazwa. Namuuliza, "Na wewe, presha ulipimwa lini?" Anafikiri. "Nilipokuwa na mimba ya huyu." Na huyu anakimbia kwenye benchi, anajua kuhesabu hadi ishirini.

Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya, na ndiyo ile inayoweza kugunduliwa kabla haijawa saratani. Kipimo cha kupaka siki ni dakika chache, majibu unaondoka nayo. Kile cha virusi vya HPV, ukiwa na miaka 30 kwenda juu na ukatoka safi, unarudi baada ya miaka 5. Wenye HIV hupimwa mara nyingi zaidi. Nikimwambia mama aingie chumba cha pili apimwe sasa hivi, jibu ni moja: "Sista, leo nimeomba ruhusa ya mtoto."

Ruhusa ya mtoto. Kwa mwajiri, mtoto kuugua ni sababu. Mama kutaka kupimwa akiwa mzima, hiyo ni nini?

Kaptembwo_Kijana:
Siki ile ya chipsi?

NesiWaZamu:
Asidi ni ile ile, ila hii imepimwa. Usiende kujaribu nyumbani.

Waridi_Naivasha:
Nesi, hapo kwenye ruhusa umenigusa. Mimi nafunga maua huku Naivasha. Kuanzia mwisho wa Januari hadi Siku ya Wapendanao hakuna anayekuuliza una ratiba gani. Ikipoa kidogo, Machi inakuja siku ya akina mama ya Uingereza, tunaanza upya. Tunafunga maua ya mama za watu hadi usiku, na mama zetu ndio wanatulelea watoto.

Sindano yangu ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu, iliangukia hapo katikati. Nikasema wiki ijayo. Wiki ijayo ikaja na maua zaidi. Nilipofika kliniki msimu umeisha nilipimwa kwanza, nikaambiwa hongera. Mtoto nampenda, ameshaota meno manne na anauma kila kitu, lakini ile hongera niliisikia vibaya.

NesiWaZamu:
@Waridi_Naivasha pole, na hongera ya kweli. Sikia: sindano hiyo unaweza kudungwa hadi wiki mbili kabla ya tarehe. Na ukichelewa hadi wiki nne bado unapewa. Msimu unaujua unakuja lini, kwa hiyo itangulie Januari. Ukizipita hizo wiki nne ndipo wanakupima mimba kwanza, kama walivyokufanyia.

Waridi_Naivasha:
Wiki mbili kabla? Hakuna aliyewahi kuniambia.

SokoniTop:
Nimesoma yote haya nikiwa kwenye kibanda, naona mnazunguka. Malezi, mapenzi, mishahara. Mimi nawaambia ni choo.

Nauza vitunguu na hoho. Nikitaka choo, kwanza ni cha kulipia, pili ni mwendo, tatu nani ataangalia meza? Jirani ni mtu mzuri, lakini mteja wangu akija ananunua kwake. Kwa hiyo dawa ni kutokunywa maji. Chai ya asubuhi, basi, mpaka jioni. Wengi hapa tunafanya hivyo na hatusemi. Halafu mkojo unachoma, unanunua vidonge viwili vitatu kwa duka la dawa, unapoa, unarudi.

Mngetujengea choo karibu na mkakiweka safi, nusu ya "kutojijali" mnayoijadili ingeisha Jumatatu.

NesiWaZamu:
@SokoniTop hilo ni kweli tupu, na ndilo linaloniletea watu wa soko kila wiki. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, vijidudu havina safari ndefu. Kunywa maji kidogo na kubana kunavisaidia hivyo vijidudu. Ila hivyo vidonge viwili viwili acha. Unaua dhaifu, wenye nguvu wanabaki, siku moja dawa itakataa. Peleka mkojo upimwe.

SokoniTop:
Nipeleke na meza?

BintiWaMumias:
Hahaha, Nesi amekamatwa.

Jakisumo_Kondele:
Na hata akienda, bima ya afya ya NHIF ya mama mdogo imekufa zamani. Alikosa kulipa miezi kadhaa.

Wakili_Asiye_na_Joho:
@Jakisumo_Kondele NHIF yenyewe ndiyo iliyokufa. Tangu Oktoba 2024 mahali pake ni SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, na ukishajisajili, matibabu ya zahanati na kituo cha afya yanapaswa kulipiwa na mfuko wa afya ya msingi bila wewe kutoa kitu. Ni hospitali kubwa ndipo michango inaulizwa.

Jakisumo_Kondele:
"Yanapaswa." Neno zuri hilo. Njoo Kondele tutembee nalo.

MzeeWaNjoro:
Wanangu, salaam. Nilifundisha miaka mingi, sasa nalima kidogo Njoro, ingawa kwetu ni Vihiga. Mnazungumza kama jambo hili limekuja na ofisi. Mama yangu hakuwahi kuajiriwa na alikuwa hivyo hivyo. Kwetu zamani wanawake hawakula kuku kabisa. Walimfuga, wakamchinjisha, wakampika, wakanawisha wageni mikono. Mayai vile vile. Mwiko huo ulivunjika, kanisa na shule zikasaidia, lakini tazameni firigisi inaenda wapi mpaka leo. Mama mwenye digrii, mwenye gari, anapakua, na mkono wenyewe unaipeleka kwa sahani ya baba. Hakuna aliyemwamuru.

Huyo wa sufuria anapakua tu.

BintiWaMumias:
Mzee shikamoo. Kukhu yangu, yaani nyanya, alikuwa anaila firigisi jikoni kabla chakula hakijatoka, halafu anasema kuku wa siku hizi hawana.

Kaptembwo_Kijana:
Kwa hiyo nimekuwa nikidanganywa??

Jakisumo_Kondele:
Mimi nyumbani firigisi tunagawana na mke. Na vyombo naosha.

BintiWaMumias:
@Jakisumo_Kondele ukiosha huwa unapiga picha ngapi?

Wakili_Asiye_na_Joho:
Utafiti wa matumizi ya muda wa shirika la takwimu, KNBS, wa 2021 ulionyesha wanawake hutumia karibu mara tano ya muda wa wanaume kwenye kazi za nyumbani na malezi zisizo na malipo. Jakisumo na vyombo vyake bila shaka wamehesabiwa humo.

DerevaWaMau:
Naendesha Nakuru hadi Kisumu kila siku, nimebeba hao akina mama wa saa kumi na moja alfajiri, na nasema mnawaonea wanaume. Nani alisema baba anajitunza? Mimi hospitali siijui. Mgongo unauma tangu uchaguzi uliopita.

NesiWaZamu:
@DerevaWaMau wanaume tunawapokea pia. Mnakuja mmebebwa.

SokoniTop:
Tena dereva, Kericho pale unashuka unakula nyama nusu saa abiria wakisubiri. Choo unaenda. Usituingize kwenye hesabu moja.

DerevaWaMau:
Nyama ya Kericho ni sehemu ya kazi.

DadaMkubwa_Bungoma:
Nitasema jambo ambalo dada zangu hamtalipenda. Tunajivunia uchovu.

Kaeni kwenye kikao chochote cha akina mama msikilize. Mmoja ameamka saa kumi kwa sababu basi la shule linapita saa kumi na moja u nusu. Mwingine anasema hakulala kabisa, alikuwa anashona vazi la mtoto la kazi ya shule. Wa tatu alifua saa sita usiku. Ni mashindano. Sasa inua mkono useme, "Mimi jana nililala saa tatu, nikaamka jua limetoka." Watakutazama kana kwamba umeiba. Kanisani siku ya akina mama tunaimbiwa nini? Mama hakulala, mama hakula. Anayelala na kula haimbiwi.

Nina msaidizi wa nyumbani, msichana mzuri, na bado narudi kurudia kupiga deki aliyopiga. Hakunituma mtu. Nikikaa chini naona nafsi inanishtaki.

MamaMapacha_Lanet:
@DadaMkubwa_Bungoma hii imenikaa. Lakini mbona mwalimu wetu hajivunii kutoona? Anaaibika. Anaficha.

MkeWaMtu_Kisii:
Kuna sababu nyingine hamjaigusa: macho ya watu. Nikisuka nywele nzuri, mama mkwe anauliza kwa sauti ya upole, "Mwanangu ameongezwa mshahara?" Mshahara ni wangu! Viatu vyangu vya kazini nilinunua elfu tatu na mia tano, ngozi halisi, kwa sababu nasimama mchana kutwa na visigino vilikuwa vinapasuka. Viliishi kwa jirani wiki nzima. Nilipovileta nyumbani nilisema ni mitumba, mia nne. Hadi leo bei ni mia nne. Shemeji ameniomba nimpeleke kwa huyo muuzaji.

BintiWaMumias:
Nimelia kwa kicheko. Utampeleka wapi?

MkeWaMtu_Kisii:
Namwambia mzigo uliisha.

Kaptembwo_Kijana:
Lakini ukweli, ukimwambia mume bei yenyewe atafanya nini? Atakupiga?

MkeWaMtu_Kisii:
Hapana. Atanyamaza. Halafu mwezi ukiisha na unga ukapungua, atavitazama vile viatu.

MtotoWaMwalimu_Kakamega:
Mama yangu alikuwa mwalimu. Uvimbe kwenye titi aliujua Februari. Aliniambia Novemba, nilipomaliza KCSE, mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu hakutaka nifanye mtihani nikiwaza. Nilipata alama nzuri. Sina cha kuongeza.

MzeeWaNjoro:
Pole sana mwanangu.

NesiWaZamu:
Pole, ndugu yangu.

SokoniTop:
Pole. Mungu ampumzishe.

BintiWaMumias:
Pole sana.

Nimekaa na simu muda kabla ya kuandika hili. Nafikiri hasira yangu iko kwa waajiri. Nilipojifungua niliambiwa sheria inanipa siku sitini tu, nikarudi kazini na maziwa yanavuja kwenye blauzi, nayakamua chooni nayamwaga. Hapo utajijali saa ngapi?

Wakili_Asiye_na_Joho:
@BintiWaMumias waliokuambia siku sitini walikuwa wanasoma sheria ya zamani. Ile ndiyo ilikuwa miezi miwili, na ukiichukua unapoteza likizo yako ya mwaka. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema miezi mitatu kwa mshahara kamili, na likizo ya mwaka, angalau siku 21 za kazi, haiguswi. Baba ana wiki mbili.

Kuugua: ukishafanya kazi miezi miwili mfululizo una haki ya angalau siku 7 kwa malipo kamili na 7 kwa nusu malipo katika mwaka, ukiwa na cheti cha daktari.

Na la maziwa chooni: Sheria ya Afya ya 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyesha au kukamua, na inasema wazi pasiwe msalani. Muda wa kukamua ni wa ziada juu ya muda wa chakula, usiozidi saa moja kwa kila saa 8 za kazi.

BintiWaMumias:
Laiti ningejua. Mtoto sasa yuko gredi ya pili.

Waridi_Naivasha:
@Wakili_Asiye_na_Joho kila ulichoandika ni kizuri. Mimi mkataba wangu ni wa miezi mitatu mitatu. Nikienda na hiyo sheria mkononi, hakuna atakayenifukuza. Mkataba utaisha tu, na simu haitapigwa.

Jakisumo_Kondele:
Hapo sasa. Nilisema ni pesa, mkaniambia firigisi.

DadaMkubwa_Bungoma:
@Jakisumo_Kondele lakini mimi mkataba wangu ni wa kudumu na deki narudia. Nieleze hiyo kwa pesa.

Jakisumo_Kondele:
Hiyo ni deki ya Bungoma, siiwezi.

Mhamasishaji_Nyalenda:
Mimi ni mhamasishaji wa afya ya jamii, wale tuliopewa mikoba 2023. Nina mashine ya presha, kipima sukari na mzani, napita nyumba kwa nyumba. Mambo ya foleni na ruhusa sikubaliani nayo moja kwa moja. Mashine iko mlangoni kwako, bure, dakika tano, na bado naambiwa, "Mpime mzee kwanza. Mpime mtoto. Mimi nikimaliza hivi vyombo." Nasubiri vyombo. Vikiisha, ni nguo.

Juzi mmoja nilimfunga ile kitambaa ya mkononi akiwa anakoroga ugali. Presha ikasoma juu sana, nikamwambia haifai kupimwa umesimama ukisonga, keti tupime upya. Akasema, "Basi andika hiyo hiyo."

NesiWaZamu:
Usiandike hiyo hiyo!

Mhamasishaji_Nyalenda:
Sikuandika. Nilikula ugali, akaketi, nikapima. Ilikuwa bado juu, nikampa barua ya rufaa. Kama alienda sijui, nitapita tena.

DerevaWaMau:
Na uchovu je? Wangu nyumbani analalamika uchovu kila siku na presha yake iko sawa.

NesiWaZamu:
@DerevaWaMau apimwe damu. Wengi ni upungufu wa damu: hedhi nzito, uzazi wa karibu karibu, malaria huku kwetu ziwani. Na ile tabia ya kushushia chakula kwa chai inazuia madini ya chuma ya mboga kuingia mwilini. Chai inywewe mbali na chakula. Ale mboga za majani, osuga (ndiyo managu) na terere, na kipande cha chungwa au ndimu pembeni.

MzeeWaNjoro:
Nesi, nilikuwa nakupenda mpaka hapo kwenye chai.

DerevaWaMau:
Nitampeleka Jumamosi.

SokoniTop:
Na mgongo wako wapimwe siku hiyo hiyo, usijifanye.

MamaMapacha_Lanet:
Asanteni wote. Kikao kilikuwa juzi, niwape habari. Kuna aliyependekeza chama kisitoe elfu mkononi tena, kimlipe muuza miwani moja kwa moja, na mwenye saluni, na kliniki. Ikawa vita. Mwenye sufuria alisema tunamfanya mtoto, pesa ni jasho lake na akitaka kununua sufuria tano ni shauri yake. Mwingine akasema bora kufanywa mtoto kuliko kuwa kipofu. Mwalimu mwenyewe alikaa kimya, kisha akauliza kama zile za kusomea zinazouzwa barabarani zinafaa. Tumeahirisha.

NesiWaZamu:
Zile za barabarani hukuza maandishi tu. Akapimwe kwanza, huenda kila jicho lina namba yake, na shinikizo la jicho halijulikani kwa kujaribu miwani.

MkeWaMtu_Kisii:
Naungana na mwenye sufuria. Nimechoka kuhesabiwa na mume, sitaki kuhesabiwa na chama.

DadaMkubwa_Bungoma:
Mimi naungana na kipofu.

Waridi_Naivasha:
Wakili, bado uko? Kwetu tuko wengi tunaonyonyesha, zamu moja tu tunaweza kufika ishirini. Tukitaka hicho chumba cha kukamua, tunaanzia wapi bila mtu kupoteza kazi?

Wakili_Asiye_na_Joho:
Anzeni na mwakilishi wa wafanyakazi, kama chama cha wafanyakazi kipo hapo. Andikeni barua moja ya wote, fupi, iombe chumba na muda, itaje Sheria ya Afya ya 2017 bila vitisho. Bakini na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Waridi_Naivasha:
Kuandika tutaandika. Shida ni sahihi. Hakuna atakayekubali jina lake liwe juu.

Wakili_Asiye_na_Joho:
Tieni sahihi kwa duara, kuzunguka maandishi. Duara halina wa kwanza.

SokoniTop:
Hiyo ya duara naibeba. Kesho naanza ya choo.